Nkirwa Mbeba-Makaa

Tulieni nimtaje, na mwenye kunong'ona akanong'one nje. Zamani hizo, babu zetu wa Oroya walipokuwa wakila nyama mbichi na mizizi migumu, alizaliwa Nkirwa binti Sangiwa, mjukuu wa Mbasha Mchimbaji, mwanamke wa mabega mapana na shingo isiyojua kuinama.

Siku zile aliyeng'okwa na jino la mwisho alipelekwa kwenye Jiwe la Kuagia akaachwa hapo mpaka afe, maana ukoo haukumlisha asiyeweza kutafuna. Zamu ya Sangiwa, mama yake, ilipofika, Kihongo, mkuu wa ukoo, alitamka: "Sangiwa amemaliza kula. Keshokutwa apelekwe jiweni."

"Mama yangu haendi popote," Nkirwa akasema mbele ya watu wote. "Atakayemgusa aanze na mimi."

Akampondea mizizi, nyuzi zikamkaba mama koo. Kesho yake akapanda mlima utemao moto, mahali palipokuwa mwiko kukanyaga, na kwenye nyasi zilizoungua akakuta kiazi kikuu kimeivia ardhini; alipokibonyeza kikabonyea, alipokila akacheka peke yake. Akajaza udongo mbichi viganjani, akapanga makaa juu yake, akashuka nayo, ngozi ikamtoka lakini hakuyaangusha.

Akawasha moto juu ya Jiwe lenyewe, akachoma viazi, mama akala, akaomba tena. Kihongo akafoka kuwa mwiko umevunjwa, akawatuma vijana wenye vibuyu vya maji wauzime. Ndipo wazee waliobakiza meno mawili matatu, waliojua zamu yao i karibu, wakajikokota wakauzunguka moto ule bega kwa bega, na hakuna kijana aliyethubutu kumsukuma babu yake.

Jiwe likapasuka kwa joto. Nkirwa akachukua vipande vitatu, akavipanga vikawa mafiga yetu ya kwanza, kisha akasema: "Nawe utazeeka, Kihongo. Siku hiyo njoo, nitakulisha."

Akaja kweli, miaka mingi baadaye, kinywa kitupu, naye akamlisha kwa viganja vile vile vilivyokunjamana kwa kuungua.

Nkirwa alikufa kikongwe, ameshiba. Tangu hapo, kwetu hakuna agusaye chakula kabla ya wasio na meno. Nami naona chungu kimeshaepuliwa, na bibi yule pale bado yuko mikono mitupu. Mnangoja nini?