Waya Mnene wa Duka la Fisi

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwepo na ulikatika vilevile kama huu wenu, wanyama waliishi mjini. Walilala vitandani, waliazimana chumvi, na kila mmoja alikuwa na simu yake. Kaeni vizuri. Wewe unayechezea chaja, iache kwanza. Leo hasa, iache.

Mji huo ulikuwa na duka moja tu la nyaya, nalo lilikuwa la Mzee Fisi. Nyaya zilining'inia ukutani kwenye misumari, na juu ya meza palikuwa na kibao: MALI IKITOKA HAIRUDI, JARIBU HAPA HAPA. Basi desturi ilikuwa hiyo. Unachagua waya, Fisi anauchomeka kwenye simu yako mbele ya macho yako, simu inalia tii! chaji imeingia, unachukua mali yako unaondoka.

Wakubwa wa mji ule walikuwa na akili moja ya ajabu. Waliamini waya mnene ndio wenye nguvu, na simu ikishalia tii, basi waya huo unaweza kila kitu. Nani aliwaambia? Hakuna. Walikuwa wakubwa tu, wakapenda vikubwa.

Siku moja Fisi alifungua duka akakuta waya asioujua, umening'inia kwenye msumari wa mwisho pale konani. Mnene, mweusi, una madoa ya kahawia, mrefu hadi sakafuni. Hakukumbuka kuuagiza. Lakini Fisi ni Fisi. Kitu kikiwa dukani kwake, ni chake.

Kifaru akaununua. Baada ya siku mbili, waya uleule ulikuwa umerudi msumarini. Fisi akauona, akanyamaza, akamuuzia Nyumbu. Ukarudi tena. Akamuuzia Nyati.

Nyati alikuwa jirani wa Bi Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Kadogo, pua ndefu, hakatulii. Kila asubuhi Nyati alimsalimia kwa kelele mpaka vikombe vinagongana kabatini: "JIRANIII! UMEAMKAJEEE?" Naye Nguchiro alinung'unika kila siku kwamba huyu mzee atamvunjia vyombo.

Asubuhi moja vikombe havikugongana.

"Hodi! Hodi kwa jirani!" Kimya. Mlango ulikuwa wazi. Nguchiro akaingia, akamkuta Nyati ameketi kitini, mdomo unafunguka na kujifunga, sauti haitoki hata chembe. Miguu ilimtetemeka kama ndama aliyezaliwa leo.

"Yarabi! Jirani, umepatwa na nini?"

Nyati akamnyooshea simu yake. Nguchiro akafungua picha. Shati la Nyati lilikuwepo, pembe zilikuwepo, lakini kati ya pembe na shati hapakuwa na sura. Palikuwa peupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Akafungua picha nyingine, na nyingine. Zote vilevile.

Akatazama chini. Kwenye vumbi la sakafu palikuwa na mchirizi wa kupindapinda, kutoka kwenye soketi mpaka nje ya mlango. Nguchiro akainusa ile alama, manyoya yakamsimama. Alijua ni harufu ya nani. Hakujua bado amejificha wapi.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hakukimbia akajifungia kwake? Kwa sababu alikuwa na haja, tena kubwa. Mama yake alikuwa amefariki masika yaliyopita, akaacha simu ya zamani yenye video yake moja tu. Kioo cha simu kilikuwa kimekufa, cheusi tii. Sauti ilitoka, picha haikuonekana. Betri ilikuwa imevimba, na fundi alishasema: "Bi Nguchiro, hii ina siku mbili tatu, kisha usahau." Keshokutwa yake mtoto wa Nguchiro alikuwa anapewa jina, jina la bibi yake. Nguchiro alitaka mtoto aione ile sura kwenye runinga, hata mara moja.

Kwa hiyo alihitaji waya wa kubeba mizigo mitatu kwa pamoja: kuichaji simu isizime, kuhamisha video kabla haijapotea, na kupeleka picha kwenye runinga. Alikwishanunua nyaya mbili kwa Fisi. Wa kwanza ulichaji tu. Wa pili ulihamisha kwa mwendo wa kobe, na picha haukuijua kabisa. Kwa nje, vichwa vyao vilifanana kama mapacha.

Akaenda dukani saa saba mchana, jua la utosi, mtaa mtupu.

"Shikamoo Mzee Fisi."

"Marahaba. Karibu mteja."

Fisi alijibu bila kucheka. Fisi, watoto! Hakucheka kabisa. Midomo ilipanda tu ikashuka, hewa tupu. Nguchiro akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Nataka waya wa kasi," akasema. "Sikiliza, nikuonyeshe kwa nini." Akabonyeza simu ya marehemu, na sauti ya mama ikatoka, ya kawaida tu, ya mtu aliye jikoni: *Mwanangu, zima hiyo simu uje tumenye mihogo.*

Kule konani, kitu kikasogea kidogo. Kwaru.

"Basi waya wako ni ule mnene!" Fisi akasema. "Wakubwa wote wamechukua ule." Kabla Nguchiro hajasema ngoja, Fisi alishainyakua simu na kuichomeka. Tii!

"Chomoa! Chomoa, Mzee Fisi!" Nguchiro akairukia simu akaichomoa mwenyewe. Akabonyeza tena.

*...zima hiyo simu uje tumenye mihogo.*

Neno la kwanza halikuwepo. Akarudia. Halikuwepo. Halafu kutoka kwenye msumari wa mwisho, polepole, kwa sauti ya mama yake mwenyewe, likaja:

"Mwaaanangu..."

Nguchiro alitaka kulia, na alitaka kuuma. Waya ule ndiye chatu wa ile harufu, na Nguchiro na nyoka wanajuana tangu enzi. Lakini kwenye tumbo lile mlikuwa na neno la mama yake, na sauti ya Nyati, na sura za watu. Akimuua chatu yule, vyote vitakufa humo humo. Akatengeneza uso wa mteja mgumu.

"Waya huu sichukui, Mzee Fisi."

"Kwa nini? Si umesikia tii?"

"Tii ni chaji tu. Huu ni mrefu mno. Picha ni mzigo mzito. Ukizitembeza mbali zinachoka njiani, zinafika vipandevipande. Wa kasi ni mfupi, usiozidi mkono wangu. Ungekuwa mfupi huu, simu ya mama ningeiacha hapahapa imechomekwa mpaka kesho."

"Mfupi! Nani anataka mfupi?"

"Mimi. Hebu inama utazame kwenye maboksi chini ya meza, nami nitazame ukuta huu wa pili."

Fisi akainama. Nguchiro akaupa msumari mgongo. Nyuma yake akasikia kwaruuu... kwaruuu... ngozi ikisugua ngozi. Hakugeuka. Alihesabu nyaya nyekundu zote, kisha nyeupe zote, ndipo akageuka.

Waya ulikuwa umejifunga mafundo matatu. Ulining'inia mfupi kama mkono wake.

"Mzee Fisi," akasema taratibu, "huo si ulikuwa unafika sakafuni?"

Fisi akainuka na boksi mkononi. Akatazama. Boksi likamponyoka, pwaa! "Ulikuwa," akasema. "Mimi mwenyewe nimeutundika... yaani, sikuutundika mimi."

"Vizuri, umefupika. Lakini hebu tazama ncha zake." Nguchiro akasogea, mikono nyuma, kama mama anayekagua nyanya sokoni. "Waya wa kasi ncha zake mbili zinafanana, utachomeka upande wowote hukosei. Huu upande mmoja una mdomo, upande wa pili umechongoka. Kitu gani hiki? Aibu! Hiyo ncha mbaya isingeonekana, ningelipa nikaondoka nao sasa hivi. Haya, mzee, geuka ukalifunge dirisha lile, vumbi linaingia. Nami naipangusa simu."

Wakageuka wote wawili. Safari hii hapakuwa na kwaruu. Kimya kilikuwa kizito mpaka Fisi akaanza kuguna kama mgonjwa. Kisha wakasikia kitu kidogo sana.

Nyam.

Nguchiro akageuka upesi. Waya ulikuwa duara moja lenye mafundo, na mkia wake umo ndani ya mdomo wake. Juu ya mdomo, jicho moja la njano lilikuwa wazi. Likajua limeonwa. Likapepesa.

"Sasa nyonya!" Nguchiro akapiga kelele.

Na mdomo ule haukujua kubagua. Kazi yake ilikuwa kunyonya chochote kilichoingia, sasa kilichoingia kilikuwa yeye mwenyewe. Fyoo! Fyoo! Akataka kuutema mkia, lakini mafundo yalikuwa yamekaza, kichwa hakirudi nyuma. Fyoo! Akawa mwembamba kama kidole. Fyoo! Akawa kama kamba ya kiatu.

Tumbo likakosa nafasi. Ikatoka kwanza chafya ya Kifaru, haaachyaa! nyaya zote zikayumba ukutani. Ikatoka sauti ya Nyumbu ikimwita mkewe. Kisha, "JIRANIII! UMEAMKAJEEE?" na chupa ya soda ikapasuka rafuni. Vyote, pamoja na sura zilizonyonywa, vikapita mlangoni kwa upepo mmoja, vikaelekea kwa wenyewe.

Kikaja kicheko, hi-hi-hiii! kikamrukia Fisi kinywani, na Fisi akacheka huku machozi yanamtoka, hawezi kujizuia, maana kila waya ule uliporudi msumarini, alikuwa akiujaribu kwanza kwa simu yake mwenyewe.

Nguchiro hakucheka. Alikuwa amesogeza sikio karibu na ile kamba iliyobaki, amefumba macho. "Toa," akanong'ona. "Toa lililobaki."

Likatoka la mwisho, dogo, kama mtu amekuita kutoka chumba cha pili. *Mwanangu.*

Kisha kamba ikakatika, pwi. Sakafuni likabaki gamba kavu la duara.

Akabonyeza simu. *Mwanangu, zima hiyo simu uje tumenye mihogo.* Nguchiro akaketi chini pale pale dukani, akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

Alipokwisha kulia akamtazama Fisi. "Uliuona unarudi msumarini."

"Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani ni bahati yangu," Fisi akasema, na kile kicheko chake kikamtoka tena, hi-hi, kibaya kwa wakati ule. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Ndani ya boksi lililoanguka mlikuwa na waya mmoja mfupi, wa kijivu, hauna sura ya kupendeza, umekaa humo mwaka mzima maana kila mkubwa aliucheka. Nguchiro akaunusa ncha zote mbili. Mpira mtupu. Akasema, "Tunaujaribu mara tatu, mzee. Si mara moja." Wakachomeka: tii, chaji imeingia. Wakahamisha video kwenda simu ya Nguchiro: ikafika kabla Fisi hajamaliza kupiga mwayo. Wakauunga kwenye runinga ya dukani, na mama yake akatokea, mkubwa wa ukuta mzima, kitambaa kichwani, kisu mkononi, anaguna.

Siku ya kumpa mtoto jina, mchana, ndugu walijaa sebuleni, na Nyati aliketi mbele kabisa akipayuka mpaka akaambiwa anyamaze. Nguchiro akauchomeka ule waya wa kijivu. Bibi akatokea. Mtoto akatulia, akakaza macho.

*Mwanangu,* bibi akasema, *zima hiyo simu uje tumenye mihogo.*

Watu wakapiga vigelegele. Kwa sababu ya vigelegele hawakusikia. Nguchiro peke yake alisikia kwamba baada ya mihogo, mwishoni kabisa, pamoja na sauti ya mama yake, palikuwa na kitu kingine kidogo.

*Sss.*

Akauchomoa waya. Akaunusa. Mpira mtupu. Akaukunja, akauweka mfukoni, akamchukua mwanawe mapajani. Lakini tangu siku ile mpaka anazeeka, Bi Nguchiro hakuwahi kuuacha waya ukining'inia kwenye soketi bila kazi, wala hakuupa mgongo.

Basi nanyi wanangu, mkienda kuchagua waya, msiulize unene wake wala urefu wake. Ulizeni unabeba nini, na unakipeleka kwa nani.