Siku Bi Tumu Alipoezua kwa Mawingu

"Paa halingoji jua, langoja watu."

Hivyo ndivyo fundi alivyowaambia jana, mlipomwambia kuwa paa la madrasa lingoje kiangazi. Mkacheka, mkadhani mzee wa watu amepitiwa, maana nani asiyejua kuwa paa huezekwa juani? Leo mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Hapo mmefanya la maana, kwa sababu yalitoka nyumbani kwetu. Kaeni niwaeleze yalivyoanza.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Bi Tumu. Aliishi hapa hapa kijijini, pale mteremkoni, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake, Zuwena, alikuwa ameolewa Wete, na mwaka huo alikuwa na mimba ya kwanza. Desturi yetu mnaijua: mtoto wa kwanza mwanamke huenda kumzalia kwa mama yake. Basi Zuwena akarudi nyumbani. Huyo mtoto aliyekuwa tumboni ni mimi. Nasema mapema, msije mkafika mwisho mkadhani nilikuwa nawaficha.

Tatizo lilikuwa paa. Makuti yalikuwa yamezeeka, ukiyashika yanavunjika kama tumbaku. Ukilala chali mchana, unaona mbingu vipande vipande. Katika masika yaliyopita Bi Tumu alikuwa akihamisha kitanda kila mvua inaponyesha, akifuata penye ukavu, na mwisho penye ukavu hapakuwapo. Na Zuwena alitarajiwa kujifungua vuli ikianza. Mzazi na mtoto wake hukaa ndani arubaini nzima, na arubaini hiyo yote ingekuwa ya mvua. Bi Tumu alikwisha kuzika mtoto mmoja, kaka yake Zuwena, aliyeshikwa na kifua katika nyumba hiyo hiyo iliyokuwa ikivuja. Hakuwa tayari kuzika mjukuu.

Kwa hiyo kipupwe kilipoingia alikuwa amejitayarisha. Makuti mapya alikwisha kuyashona, kamba za usumba wa nazi alikwisha kuzisokota. Jua lilikuwa zuri, upepo mkavu. Ndugu yake, Bakari, aliyekaa nyumba ya pili, akamjia. Bakari alikuwa mtu mwema, mchapakazi, ila haraka ilikuwa imemjaa mwilini. Naye paa lake lilikuwa bovu.

"Dada, jua hili hulioni?" alimwambia. "Haya ndiyo majira ya kuezeka. Tuezue langu na lako, tumalize."

"Tuezue mimi na nani?"

"Mimi, wewe na mke wangu. Kwani paa ni kitu gani?"

"Paa ni kazi ya watu, Bakari. Na watu wote wako dagoni."

Alisema kweli. Mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama. Kijiji kizima kilihamia dagoni, kwenye vibanda vya wachumaji huko mashambani, na waliobaki majumbani walikuwa wazee, wagonjwa, wajawazito, na Bakari kwa ajili ya paa lake. Jua lile alilolitaka Bakari kwa paa lake ndilo lililotakiwa na karafuu. Kila uwanja ulitandikwa majamvi, kila jamvi lilijaa karafuu zilizoletwa kutoka dagoni zikauke, na mwenyewe yuko juu ya mti.

"Basi kaa na mashimo yako," Bakari akasema, akaenda kuezua nyumba yake. Akaiezua yote, mbele na nyuma, kwa siku moja. Kuezua ni rahisi, hata upepo unaweza.

Kuezeka ndiyo kazi. Makuti hufungwa kuanzia upenuni kwenda juu, kila safu ikiilalia ile ya chini yake, na safu isiyolaliwa huchezewa na upepo. Chini wanatakiwa watu wa kurusha makuti, juu watu wa kuyapokea na kuyafunga, na wengine wa kukata kamba. Bakari alikuwa na mkewe tu. Leo wanafunga safu, usiku upepo unaifungua. Wakaenda hivyo, safu mbele safu nyuma, na kuta za udongo ziko wazi kama mtu aliyevuliwa kofia.

Ndipo ikaja mvua ya mchoo. Mchoo mnaijua, mvua ndogo ya kipupwe, haina ngurumo wala haibishi hodi. Ilianza adhuhuri, jua linawaka upande mmoja. Bi Tumu alikuwa ameyatandaza makuti yake uwanjani yapate kukauka sawasawa. Akayatazama. Akatazama na majamvi ya jirani zake, karafuu za msimu mzima ziko chini na wenyewe hawapo.

"Makuti yatakauka tena," alimwambia Zuwena. "Karafuu ikishalowa, ndiyo basi."

Akayaacha makuti yake yanyeshewe. Akakimbia uwanja hadi uwanja, akikunja majamvi na kuyaburuta ndani. Zuwena akamfuata na tumbo lake, anashika pembe za majamvi, anasitasita, anashika tena. Huko nyuma wakasikia kishindo. Ukuta wa mbele wa nyumba ya Bakari ulikuwa umelala chini.

Alhamdulillahi hapakuwa na mtu ndani. Jioni Bakari na mkewe wakaja kwa Bi Tumu na godoro na masufuria yao. Akawakaribisha chini ya lile paa lake la mashimo, akawapakulia chakula, na neno la jua hakulitaja. Mimi ningelitaja. Yeye hakulitaja hata siku moja.

Kipupwe kikapita, karafuu bado ziko mitini. Makuti ya Bi Tumu yalikuwa yamekauka zamani, yamepangwa ukutani. Kila apitaye aliyatazama, kisha akalitazama paa, kisha akamtazama tumbo Zuwena. Wakaanza kusema kuwa Bi Tumu majira yamempita. Hata Zuwena moyo ukamwisha.

"Mama, utanizalisha ndani ya maji?"

"Ngoja, mwanangu."

Msidhani bibi hakuwa na hofu. Mama yangu alinihadithia kuwa siku hizo kila jioni alitoka uwanjani akatazama mawingu ya vuli yanavyojikusanya, huku midomo inamcheza kwa dua. Lakini kuezua hakuezua.

Siku moja kukapambazuka kweusi. Mbingu ilikuwa kama kitako cha chungu. Asubuhi hiyo hiyo Zuwena akashikwa na uchungu, mkunga akaitwa. Bakari akatoka nje, akatazama juu, akashika kichwa.

"Tumekwisha," akasema.

Bi Tumu hakutazama juu. Alitazama njia ya mashamba. Watu walikuwa wanarudi, wanaume kwa wanawake, pakacha tupu mabegani. Karafuu ikichumwa inataka jua, na tawi likiwa na unyevu humtupa mtu chini. Siku kama ile hakuna anayepanda. Kijiji kizima kilikuwa kimerudi nyumbani, kimekaa barazani, hakina la kufanya.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda barazani.

"Jamaa zangu, leo naezua."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Bi Tumu, akili zako ziko sawa? Utaezuaje kwa mawingu haya?"

"Mawingu haya ndiyo yaliyowarudisha," akajibu. "Jua lilikuwapo siku zote, ninyi hamkuwapo. Paa halingoji jua, langoja watu. Mwanangu yuko ndani ameshikwa na uchungu. Anayekuja, na aje."

Kisha Mzee Shoka, ambaye siku ya mchoo karafuu zake ndizo zilizokuwa za kwanza kuingizwa ndani, akasimama, akakung'uta kikoi chake.

"Kamba ziko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo ningetamani kuwa nimekwisha kuzaliwa, nione kwa macho yangu. Baraza zote zikainuka. Bi Tumu akawapanga: hawa kurusha, hawa kupokea, hawa kufunga, wale jikoni na mihogo. Hakuwaruhusu waezue nyumba yote. Kwanza kipaa cha nyuma, yaani upande mmoja wa paa, na Zuwena amelala chumba cha mbele, mkunga amemtungikia shuka juu ya kitanda kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya heshima. Makuti mapya yakapanda safu kwa safu, mkono haujaachia kuti mwingine umeshapokea. Kipaa cha nyuma kilipokamilika, Zuwena akahamishiwa chumba cha nyuma, chini ya makuti mapya, wakaingia kipaa cha mbele.

"Nyie huko juu!" mkunga akapiga kelele. "Vumbi lenu linamwingia mzazi machoni!"

"Mwambie mgeni asitoke kwanza," Mzee Shoka akajibu kutoka juu. "Nyumba yake haijesha!"

Zuwena, na uchungu wake wote, akacheka.

Matone ya kwanza yakaanguka wakati umebaki mgongo wa paa tu, pale vipaa viwili vinapokutana. Mgongo ukiachwa wazi, kazi yote ni bure. Bakari alikuwa amepanda juu yake kama mtu aliyepanda punda, anafunga. Mvua ikazidi, wenzake wakashuka, wakamwita naye ashuke.

"Niacheni," akasema. "Hili nimalize mimi."

Chini, watu walijazana barazani na ndani, wote wametazama juu, wanangoja tone. Mvua ikapiga juu ya makuti, ikapiga, ikateremka upenuni kama mfereji. Ndani hapakudondoka kitu. Bi Tumu akapitisha kiganja kwenye godoro la mwanawe, huku na huku, akakigeuza, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Ndipo akakaa chini, akalia.

Bakari alikuwa anakaza kamba ya mwisho, amelowa chapachapa, aliposikia sauti yangu chini yake.

Mvua ilipokatika kidogo akashuka, akaja mlangoni na maji yanamchuruzika.

"Dada, ulijuaje kuwa mvua itatungoja?"

"Sikujua."

"Na ingekuja katikati?"

"Ingetukuta wengi," Bi Tumu akasema. "Ingia ndani, ubadili nguo, umwone mjukuu wako."

Siku nyingine ya mawingu, kijiji kilimsimamishia Bakari ukuta wake na kumwezekea. Na tangu hapo ni yeye aliyekwenda na maneno yale kila mahali, kwenye harusi, kwenye kuchimba kisima, hata kwenye kugawa urithi. Alimpa sifa dada yake mpaka bibi akawa anaona haya kukaa naye barazani. Mimi simlaumu. Miaka yote niliyoishi sijaona tena mtu aliyeweza kungoja namna ile, huku ana hofu namna ile.

Nyie mnasema paa la madrasa lingoje kiangazi. Kiangazi kitakuja, hilo halina shaka. Lakini leo mko likizo, mmejaa hapa mbele yangu na mikono mitupu. Huo mwezi wa jua ukifika, mwenye shule atakuwa shuleni, mwenye kazi atakuwa Unguja, na fundi atabaki na ngazi yake. Mawingu msiyaogope. Nendeni mkamwambie fundi kuwa sasa mmeelewa: paa halingoji jua, langoja watu.