Kwa Nini Mponda Papai Huuliza Kwanza

Siku hizo, katika nchi ya Wathai, mponda papai hakumwuliza mlaji anataka pilipili ngapi. Lingekuwa swali la ajabu, kama kumwuliza mtu anataka jua la rangi gani. Kila nyumba ilikuwa na ladha yake. Mama ndiye aliyeiweka, binti akairithi, na yeyote aliyekaa mkekani alikula kilichotoka kinuni akashukuru.

Kwenye nyanda kavu za kaskazini mashariki palikuwa na kijiji ambako mvua ikikosa mwezi mmoja mpunga hufa, lakini mpapai wa nyuma ya jiko huendelea kuzaa. Ndiyo maana papai bichi lilikuwa mboga ya kila siku. Mwanamke alilimenya, akalishika kwa mkono wa kushoto, akalichanjachanja kwa kisu, kisha akalikwangua likadondoka nyuzi nyembamba. Kinuni vilitangulia kitunguu saumu na pilipili kichaa, zikafuata kunde mbichi, nyanya ndogo, maji ya ndimu, na mchuzi wa samaki waliochachushwa mtungini. Papai liliingia mwisho, tena halikutwangwa likavurugika. Lilipigwapigwa tu, mwiko ukiligeuza, mpaka likaingiwa na ladha huku likilia bado menoni.

Katika kijiji hicho nyumba ya Khamphan ilijulikana kwa pilipili kumi na mbili. Si kumi, si kumi na tatu. Mama yake alitia kumi na mbili, na mama wa mama yake vilevile. Wageni walitokwa na kamasi na machozi, wakaomba waongezwe. Khamphan alikuwa mjane, mtu wa kazi, asiye na maneno mengi. Alimlea binti mmoja, Duangta, na mapenzi yake kwa binti huyo aliyatia kinuni, kwa sababu baada ya shamba na nguruwe na kuchota maji hakubakiwa na nguvu ya kuyatia mahali pengine. Duangta alipokuwa na miaka sita alikula pilipili zote kumi na mbili bila kupepesa macho, na majirani walikuja kumtazama.

Desturi ya huko ni mume kuhamia kwa mke. Lakini Duangta aliolewa na kijana wa ng'ambo ya mto ambaye mama yake alikuwa amepooza, na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Kwa hiyo bibi arusi ndiye aliyehama. Khamphan alikubali, ila jambo lile lilimkaa kooni. Miaka mitatu ikapita bila kumwona mwanawe.

Mwaka wa nne, maji ya mto yalipopungua, Duangta alirudi akiwa na mimba ya miezi minane, mumewe akibaki kumwangalia mama mgonjwa. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mama, na baada ya kujifungua, ili apate nguvu, mzazi hulala kando ya moto siku kumi na zaidi, mama yake akiuchochea na kumnywesha maji ya mizizi. Khamphan alikuwa amepata habari ya mimba kwa mchuuzi wa chumvi. Alikata kuni za mkwaju akazipanga chini ya nyumba yake ya nguzo mpaka zikagusa sakafu, na hakumwambia mtu ni za nini. Naye Duangta, kama alivyokuja kusema baadaye, alikuwa amefunga nguo za mtoto kwenye furushi lake. Alitaka kuzalia kwao. Aliogopa kuomba, kwa kuwa ndiye aliyeondoka. Akangoja aulizwe.

Khamphan hakuuliza. Aliangua papai, akakaa na kinu. Kwake hayo yalikuwa maneno ya kutosha.

Jirani yao, Bibi Thongdi, aliposikia mchi akaja na kikapu chake cha wali wa kunata.

"Hee, mjukuu wangu!" alisema akipanda ngazi. "Tumbo limefika jana, mwenyewe unafika leo!"

Duangta alicheka, akaviunganisha viganja vyake akamwinamia. Wakakaa wote watatu. Duangta aliona mkono wa mama yake ukihesabu pilipili, moja moja, mpaka kumi na mbili. Mimba ile ilikuwa imemletea kiungulia kikali, hata wali mtupu ulimpanda kifuani kama kaa la moto. Nani angemwambia mama yake apunguze?

Akala tonge la kwanza. Akala la pili. La tatu lilipomfika kifuani alijishika, akanyoosha mkono mpaka kwenye kibuyu cha sukari ya mti wa mvumo, ile ya kupikia vitu vitamu, akachota kwa vidole viwili na kunyunyiza upande wake wa sahani. Ng'ambo ya mto walikula hivyo, na kulimtuliza.

Katika kijiji kile hakuna mtu aliyeongeza kitu kwenye chakula cha nyumba. Hata walevi hawakufanya hivyo.

"Sukari," Khamphan alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Nimekupondea papai au nimekupikia uji wa mtoto?"

"Mwache ale, Khamphan," Bibi Thongdi aliingilia. "Mimba ina mambo. Mimi ile ya kwanza nilikula udongo."

"Ulikula udongo wa hapahapa."

Duangta aliweka tonge lake chini. "Kinaniunguza, mama. Kumi na mbili siziwezi tena."

"Ulipokuwa na miaka sita uliziweza."

"Sasa sina miaka sita."

"Basi waliokufundisha sukari ndio wakutunze," Khamphan alisema. "Nyumba hii ina ladha moja."

Alikuwa anasema habari ya papai. Angalau ndivyo alivyojiambia. Lakini Duangta alisikia habari ya moto na ya kitanda cha kuzalia, na ni vigumu kusema alikosea. Alinawa mikono. Hakulia. Alilichukua furushi lake ambalo halikuwa limefunguliwa, akamwinamia mama yake, akashuka ngazi kwa kushika nguzo, kwa sababu ya tumbo.

Khamphan alikuwa anasugua kinu. Neno alilolitaka lilikuwa fupi, "kaa", na mtoto yeyote angeweza kulitamka. Aliendelea kusugua kinu ambacho kilikuwa kimekwisha takata.

"Unamwacha aende na tumbo lile?" Bibi Thongdi aliuliza.

"Njia anaijua. Ndiyo aliyojia."

Mvua zilianza wiki ile, mto ukajaa. Mwezi wa pili wa mvua mchuuzi wa chumvi alileta habari kwamba Duangta amezaa mtoto wa kike, na kwamba moto wake ulichochewa na jirani asiye ndugu, mwanamke mzee aliyekuwa akisinzia. Moto ulizimika mara mbili. Mzazi alishikwa na homa akapona, lakini hakuzaa tena. Khamphan alisikiliza, akanunua chumvi, akaingia ndani. Kuni za mkwaju alizipikia. Zilidumu miaka miwili, na kila alipotoa kipande alijua kilikuwa kimekatwa kwa kazi gani.

Angeweza kwenda kuwaona. Mitumbwi ilikuwapo. Lakini mwaka huu nguruwe alikuwa na watoto, mwaka ule paa lilivuja, halafu ikawa mavuno. Anayetafuta sababu hazikosi. Na kwa kweli alikuwa anangoja Duangta aanze, kama Duangta alivyokuwa amengoja yeye aanze.

Mwaka wa saba tangu mtoto azaliwe, mama mkwe aliyepooza alifariki, na Duangta akapata nafasi ya kuja, siku tatu tu, pamoja na mtoto wake Malai. Walikaa ukingoni mwa mkeka, mahali pa wageni. Hakuna aliyewaambia wakae pale.

Khamphan aliangua papai, akalimenya, akalikwangua. Akaponda kitunguu saumu. Mkono ukaenda kwenye pilipili, na hapo ukasimama.

Alimtazama mtoto. Paji la uso lilikuwa la mama yake Khamphan mwenyewe, limekuja mzimamzima. Lakini hakujua kama mtoto huyo anakula pilipili. Hakujua kama anapenda kunde. Hakujua aliota meno lini, anaogopa nini, aliugua nini akapona. Alimjua mchuuzi wa chumvi kuliko mjukuu huyu. Na hakukuwa na mahali pa kuyapata hayo yote isipokuwa kwa mtoto mwenyewe.

"Mjukuu wangu," alisema, na sauti ilimtoka kavu, "nikutilie pilipili ngapi?"

Duangta alimtazama mama yake. Mtoto hakujua kama limeulizwa jambo kubwa. Alihesabu vidole.

"Mbili, bibi. Moja iwe ndogo."

Khamphan akatafuta iliyo ndogo. Akaponda. Kabla ya kupakua alichota kidogo kwa kijiko, akampa. "Onja. Kimepungukiwa na nini?"

"Sukari."

Khamphan alisimama mwenyewe akaileta. Alipomaliza cha mtoto alikisuuza kinu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya mlo, akamgeukia bintiye.

"Na wewe, mwanangu?"

Duangta alizitazama pilipili. "Tano, mama."

"Tano," Khamphan alisema, akazihesabu.

Walikula. Chakula kilikuwa kizuri, na hakuna aliyesema lolote juu ya siku ile nyingine. Mtoto alijaza kinywa na kusimulia habari za mbwa wao wa ng'ambo, nao wawili walimsikiliza kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Siku ya tatu ilipokwisha wageni waliondoka. Walikuja tena mwaka uliofuata, na miaka mingine hawakuja. Kwao Malai kulikuwa ng'ambo ya mto, ambako alizaliwa, na bibi alikuwa mtu wa kutembelewa.

Bibi Thongdi, ambaye hakuna kilichompita, alikisimulia kijiji kizima jinsi Khamphan alivyouliza. Wanawake walicheka kwanza. Kisha mmoja akamwuliza mwanawe, mwingine akamwuliza mkwewe, wakashangaa majibu waliyopata.

Na tangu siku hiyo, katika nchi ya Wathai, mponda papai hamwandalii mtu kabla ya kumsikia. Iwe jikoni kwake au kando ya barabara, hushika mchi juu na kuuliza pilipili ngapi, humpondea kila mmoja peke yake, na humwonjesha kwa kijiko kabla ya kupakua. Wapitaji hudhani ni ukarimu tu wa mpishi. Lakini pilipili ikishapondwa haitoki tena kinuni, na mwanamke wa kwanza kuuliza aliuliza wakati alichokitaka kilikuwa kimekwisha vuka mto.