Shemdoe Aliyenunua Chumvi Yote

"Naleta hadithi."
"Ilete, tumekaa."
"Ina chumvi?"
"Onja wewe kwanza."

Nimeonja. Ila kwanza nitubu, maana Mungu ananiona na nyinyi mnanijua. Mwaka ule sukari ilipoadimika, nilificha kilo nne mvunguni. Mama Semeni akaja kuomba ya uji wa mtoto. Nikamwambia sina, na kikombe cha chai nimekishika, tamu kabisa. Sasa sikilizeni ya mwenzangu.

Zamani, huko milimani, aliishi Shemdoe na mkewe Zawena. Siku moja Shemdoe alikuwa anakula, akawaza: mwenye ng'ombe anatia chumvi, asiye na kuku naye anatia chumvi. Tonge likamkaa mkononi. Akaona kwamba atakayeishika chumvi yote ameishika midomo yote.

Akauza ng'ombe wake. Akaenda kwa Mhando mkopeshaji, akaweka shamba la migomba rehani, akapewa fedha nyingine kiasi kile kile. Soko la kwanza akanunua chumvi yote. Soko la pili, yote. Soko la tatu, hata iliyomwagika chini akaifagia. Jikoni akaacha gunia moja, mengine akayafungia ghalani. Ufunguo akauvaa shingoni, anaoga nao, anaswali nao.

Kijiji kikala mboga chapwa. Watu wakaja na bei maradufu.

"Bado," akasema Shemdoe.

Wakaja na bei mara tatu. "Bado." Wakaja na bei mara tatu na mbuzi juu. Raha ikamtekenya mpaka kwenye nyayo. "Bado."

Zawena akamuuliza, na sadaka je? Akajibiwa atatoa, bei ikikaa vizuri. Mnaocheka huko nyuma, si ndivyo tunavyosema sote?

Basi Zawena akafungua gunia la jikoni. Kila aliyepita mlango wa nyuma akapata konzi moja na neno moja: "Nikikuita, uje na chungu."

Masika yakaingia. Siku ya kwanza mbuzi wa kijiji wakaja kulamba ukuta wa ghala. Shemdoe akacheka mpaka akakaa chini, hata mbuzi nao wamekuja kupatana bei. Siku ya pili wakalamba mlango. Siku ya tatu wakalamba kizingiti, mmoja kapiga magoti kabisa.

Ndipo akafungua. Maji ya mlimani yalikuwa yametuama ghalani. Magunia yamebonyea kama mashavu ya bibi asiye na meno, chumvi yote imekuwa tope. Na Mhando anakuja baada ya siku nne kulichukua shamba.

Shemdoe akakimbilia nyumba ya kwanza, jirani, njoo tuzoe. "Bado," wakamjibu. Nyumba ya pili, "Bado." Ya tatu alikuwemo kikongwe anatafuna.

"Bado, baba. Bei ikikaa vizuri."

Akarudi analia. Zawena akatoka uani, akaita mara moja tu. Wanawake wakaja na vyungu, wanaume na kuni. Wakazoa tope, wakalichuja kwa vikapu vya nyasi, maji yake wakayachemsha. Siku tatu mlima ukafuka moshi, watu wanaimba, wanaonja, wanakunja nyuso. Shemdoe akapuliza moto mpaka nyusi zikaungua.

Chumvi ikarudi nusu, nyeusi kidogo. Akaiuza kwa bei aliyonunulia, na kila chungu kilichofanya kazi kikaondoka na konzi yake. Mhando alipofika akalipwa deni lote. Shamba likabaki. Ng'ombe ndio hawakurudi. Na ule ufunguo? Shemdoe akamvisha yule mbuzi aliyepiga magoti.

Hadithi imekaukia chunguni, iliyobaki ni ya kulamba.

Ila msiondoke. Kesho asubuhi nampelekea Mama Semeni kilo nne za sukari. Naomba mmoja wenu anisindikize. Peke yangu naona haya.