Kibuyu cha Majivu Mlangoni

Ndugu zangu, nani hapa hakula ugali jana? Inueni mikono, msione haya. Naona hakuna hata mmoja. Basi leo tuwashukuru watu ambao hatujawahi kuwashukuru. Mahindi hayakuanzia kwetu. Yalitoka Amerika, kwa wenyeji wa kule, waliokuwa wakiyalima enzi na enzi kabla Mzungu hajatia mguu. Walianza na nyasi ya porini yenye punje chache ngumu kama kokoto. Wakachagua mbegu, wakapanda, wakachagua tena, bibi akamwachia mjukuu, mpaka likapatikana hindi la kujaza kiganja. Watu wa subira ile mimi nawavulia kofia.

Sasa sikilizeni. Siku zile meli za Wazungu zilipoanza kushusha wahamiaji kule, alikuwako mama mmoja kijana, mgeni, amekuja na mumewe na binti yao mdogo. Ngano waliyokuja nayo ikawagomea shambani, akiba ikaisha, njaa ikabisha hodi. Akatokea bibi mmoja mwenyeji kutoka ng'ambo ya mto, kikapu cha mahindi mgongoni. Lugha ya wageni alikuwa ameiokotaokota katika kubadilishana ngozi za wanyama. Hakuomba kitu. Akawasha moto, akabandika chungu, akatia mahindi, kisha akachota majivu safi ya kuni ngumu akayamwaga humo humo.

Yule mama akaruka. "Bibi! Unatulisha majivu?"

"Unachemshia, mwanangu, halafu unaosha," bibi akasema. "Maganda yanatoka na chakula kinapata nguvu. Bila majivu tumbo litajaa, lakini mwili utapungua."

Mama akaitikia kwa adabu. Bibi alipotoweka tu, akakimwaga chungu chote nje. "Mahindi nashukuru," akamwambia mumewe, "lakini huo ushenzi wao wabaki nao." Akatwanga makavu, akapika, wakashiba. Msimu uliofuata wakapanda wenyewe, wakavuna tele. Asubuhi uji wa mahindi, mchana mkate wa mahindi, jioni uji tena. Nyama ilikuwa ya kubahatisha, na maziwa hayakuwapo kabisa.

Baridi ilipokwisha na jua likarudi, mtoto akaanza kuumwa. Mikono na shingo, pale palipopigwa na jua, ngozi ikawa nyekundu, ikachubuka. Kinywa kikajaa vidonda, tumbo likawa la kuendesha. Ukimwita, anakutazama kana kwamba hakujui. Na cha kumtia mama wazimu ni kwamba mtoto alikuwa anakula! Bakuli linaisha, na mtoto anaisha.

Bibi alikuja kubisha hodi. Mama akachungulia, akaona ni yeye, akatia komeo. Kesho yake alipofungua mlango akakuta kibuyu kidogo kizingitini. Akakiinamisha, yakamwagika majivu. Akakitupa mtoni. Siku iliyofuata, kibuyu kingine. Hicho akakipasua kwa shoka. Kikaja kingine, na kingine.

Niambieni ninyi. Mtoto yuko hoi ndani, unafungua mlango unakuta majivu kizingitini. Utasema nini? Mnacheka, kwa sababu jibu mnalo.

Hata yeye alikuwa nalo. "Yule kikongwe anamroga mwanangu," akamwambia mumewe, na mumewe akashika bunduki. Wakavuka mto mchana kweupe, wakamkuta bibi ameinama mekoni, anachekecha majivu.

"Mchawi wewe!" mama akapiga kelele. "Mtoto wangu amekukosea nini?"

Baba akainua bunduki. Bibi hakukimbia. Aliitazama bunduki, kisha akamtazama mama.

"Nilimwona binti yako pale mtoni," akasema. "Nikaona mikono yake, nikajua hamchemshii majivu. Nilikuja kukuambia, ukanifungia. Nikasema, nikiyaweka mlangoni labda utakumbuka."

Hapo mama akaelewa. Kile alichokuwa akikitupa kila asubuhi ndicho kilichokuwa dawa ya mtoto wake. Akakaa chini vumbini, akalia.

"Bibi, nimeviharibu vibuyu vyako vyote."

"Vibuyu vinaota, mwanangu," bibi akasema, huku akifunga majivu yake kwenye kitambaa. "Mtoto haoti. Twende."

Akavuka nao mto, akakibandika chungu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu waliotaka kumuua. Mtoto hakuinuka siku ile. Lakini kidogo kidogo ngozi ilifunga, na siku moja mama alipomwita, akageuka.

Sisi je, ndugu zangu? Mahindi tunayapenda. Majivu ndiyo hatuyataki. Tunapokea shamba la baba, ila maneno ya baba yanatuudhi. Tunaomba baraka, lakini ikija pamoja na onyo, tunachagua baraka na onyo tunalimwaga nje. Halafu tunashangaa: mbona nimeshiba na bado nakonda?

Na kuna jambo zito zaidi. Katika vijiji vyetu hivi yupo bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi, na yapo majirani wanaonong'ona habari zake. Wewe unayenong'ona, umewahi kumfungulia mlango umuulize alikuja na nini?

Yule baba alikuwa na kidole kwenye bunduki. Hebu fikirini angefyatua. Bibi angelala pale mekoni. Mtoto angemfuata kabla ya mavuno. Na wale wazazi wangerudi nyumbani siku ile wakimshukuru Mungu kwamba wamemwokoa binti yao.