Jibu la Bi Zumrada kwa Amili wa Zaka

Wametusimulia waliotutangulia katika wema, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mjane mchamungu aitwaye Zumrada. Alikuwa msokotaji wa nyuzi za sufu, akiishi na mabinti zake wawili na mama mkwe wake kipofu. Mtaa wao ulikuwa wa wajane, vilema na vibarua. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, amili wa zaka, mtumishi wa kuigawa kwa mafukara, alipita mlango kwa mlango na swali moja: "Riziki ya nyumba hii, tangu mwaka jana, imepanda, imesimama, au imeshuka?"

Aliyejibu kwamba imepanda alifutwa daftarini siku hiyo hiyo, akakosa gunia la ngano la majira ya baridi. Aliyejibu kwamba imeshuka aliletewa wakaguzi, nao wakaupekua mtaa mzima, vyungu na vitanda. Basi watu wale, si kwa uovu bali kwa hofu, wakakubaliana neno moja. Miaka tisa mfululizo amili aliitikiwa hivyo kila mlango: "Imesimama, alhamdulillahi." Akaandika, akaenda zake.

Mwaka huo Bi Zumrada alijaaliwa kujua kuchemsha nyuzi zake pamoja na maganda ya komamanga, zikatoka manjano ya kupendeza, na wafumaji wa mazulia wakazigombania. Nyumba iliyokuwa ikila mara moja kwa siku ikaanza kula mara mbili.

Asubuhi ya kuja amili, jirani yake Bi Lubaba, mke wa mtengeneza chekeche, alimjia mbio.

"Shoga, ficha hiyo mikono! Manjano mpaka viwikoni, utadhani bibi harusi."

"Amili nitamficha, Lubaba. Mola wangu je?"

"Aa, usinianzie hotuba asubuhi yote hii. Sema imesimama, ule ngano yako. Au huo ukweli utausaga uwapikie wanao uji?"

Bi Zumrada akacheka, lakini neno lile lilimchoma. Biashara yake ilikuwa na umri wa miezi minne tu, na sufu huadimika theluji ikianguka. Bila gunia lile, wanawe huenda wakalala na njaa.

Amili, Shekhe Mutarrifu, akafika, akatoa salamu, akauliza swali lake.

"Imepanda, Shekhe."

Kalamu ikasimama hewani. "Rudia, mama. Pengine ulimi umeteleza."

"Haukuteleza. Tulikuwa tukila mara moja, sasa tunakula mara mbili. Na sijui kama zitadumu."

"Kanuni inaniamuru nikufute."

"Nifute, Shekhe. Gunia lile ni haki ya anayenishinda njaa. Nitailaje hali nikijua?"

Bi Lubaba alikuwa amesimama kizingitini pake, akisikia yote. Mumewe alikuwa ameshikwa na maradhi ya kutetemeka mikono tangu mwaka uliopita, hawezi tena kufuma chekeche hata moja, na jambo hilo walilificha. Uso ukambadilika.

"Shekhe," akaita, "yangu imeshuka. Kuna siku jiko haliwashwi. Nilikuwa nimejitayarisha kukwambia imesimama, huyu mwendawazimu ameniharibia uongo wangu."

Shekhe Mutarrifu hakuita wakaguzi. Alimfuta Bi Zumrada kama alivyoamriwa, mkono ukiwa mzito, akaketi kwenye mkeka wa Bi Lubaba, akasikiliza mpaka adhuhuri. Kisha akaenda moja kwa moja kwa kadhi.

Theluji ikaanguka mapema. Sufu ikaadimika, na nyumba ya Bi Zumrada ikarudi kwenye mlo mmoja. Siku moja mkwewe akamuuliza, "Mwanangu, unajuta?"

"Mama, tumbo linajuta. Mimi sijuti."

Huko mahakamani kadhi alipekua madaftari ya miaka tisa, akauliza, "Kwa nini zaka yetu haikumwinua hata mtu mmoja?"

"Iliwainua, Kadhi," akajibu Shekhe Mutarrifu. "Lakini kila aliyepanda kidato kimoja, sisi tulimwondolea ngazi. Nani angetwambia anapanda?"

Kadhi akalia. Akaamuru kwamba anayeinuka aachiwe fungu lake mwaka ule, apunguziwe nusu mwaka wa pili, mpaka miguu yake iwe imara. Na anayeshuka asikilizwe bila kupekuliwa jirani zake.

Siku ya arubaini tangu alipomfuta Bi Zumrada, amili alirudi mtaani na punda mwenye gunia.

"Hili ni lako kwa haki," akamwambia Bi Zumrada, "wala si kwa kuonewa huruma."

"Na la jirani yangu?"

Kabla amili hajajibu, sauti ikatoka nyumba ya pili: "Langu limeshaingia ndani zamani! Pokea, dada, usije ukaanza tena kubishana na watu wa serikali!"

Bi Zumrada akapokea, akasujudu pale pale penye theluji.

Ndugu zangu, hofu humfanya fukara aifiche hata shibe yake ndogo, na njaa yake kubwa vilevile. Mjane yule alisema kweli akidhani anapoteza, kumbe alikuwa akimfungulia kinywa mwenye njaa aliye jirani yake. Mola atujaalie ndimi zinazosema hali kama ilivyo. Na sisi tunaouliza, atujaalie tuwe watu ambao fukara hawaogopi kuwajibu.