Jembe Lililokataa Kuzama

Kaeni!
Tumekaa!
Mdomo ni wangu!
Masikio ni yetu!

Hapo kale palikuwa na jumbe aitwaye Kisanko, mwenye uchu wa mashamba ya watu. Akaweka sheria. Wawili wakigombea shamba, waende bwawani, kila mmoja atupe majini kitu anachoshika kila siku. Kikizama, mwenyewe kashindwa.

Wakulima walitupa majembe ya chuma. Jumbe alitupa fimbo yake ya mti. Jembe likazama, fimbo ikaelea, shamba likaenda. Na watu wakarudi nyumbani wakisema maji yameamua.

Mnacheka? Mimi sicheki. Nikiisimulia hii damu hunichemka. Watu wazima, macho wanayo, na hakuna aliyeuliza mbona jumbe hatupi jembe.

Ikafika zamu ya Nakazwe, mjane mwenye kishamba kimoja cha ulezi na watoto wa kulisha. Jumbe akakitaka. Nakazwe akaenda kwa kaka yake mhunzi, analia kwa hasira. Kaka akalitia jembe la Nakazwe motoni. Akaligonga, akaligonga, akaligonga, mpaka likawa bakuli pana.

“Mdogo wangu,” akamwambia, “maji hayajui chuma wala mti. Kila kinachoingia huyasukuma pembeni. Jembe limejibana, linasukuma maji machache, hayawezi uzito wake. Bakuli hili ni chuma kilekile, ila linasukuma maji mengi, na hayo yatalibeba. Usilitupe tu. Liweke taratibu.”

Kesho yake kijiji kizima kikajaa bwawani. Jumbe akatupa fimbo, ikaelea. Nakazwe akainama, akaliweka bakuli. Likayumba. Likatulia. Likaelea.

Jumbe akawaka, akadai huo ni uchawi, hilo si jembe.

“Ni jembe langu,” Nakazwe akasema. “Chuma ni kilekile, uzito ni uleule. Nimelibadilisha umbo tu, na hukumu yako imebadilika.” Kisha akawageukia watu, na hao ndio waliomuudhi zaidi. “Na ninyi mlisema maji yameamua. Maji hayakuamua kitu. Aliyeamua ni huyu, nanyi mkinyamaza.”

Nawaambia, aibu iliwashika.

Ndipo mzee Sikombe, aliyenyang'anywa shamba kabla ya wote, akavua shuka yake akajitosa. Akapapasa chini, akaibuka na jembe lake, linachuruzika matope. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine tena. Waliojua kuogelea wakawatolea wasiojua.

Kila mmoja akaweka jembe lake begani. Wakapita mbele ya Kisanko mmoja mmoja, wala hakuna aliyempa salamu, wakaenda kulima mashamba yao.

Mzigo wangu nautua hapa.
Tumeupokea!
Atakayeubeba, asiupunguze.